Nilidhani Wewe Mrefu

(Hii ndo ile hotuba ya Jumamosi kwenye kikao chetu cha waandishi wa hadithi fupi hapa Mwanza. Watu wameniomba niiandike, nimeiweka kama nilivyoongea, nimetoa tu sehemu nilizojikanyaga na ile muda umeme ulipokatika tukakaa gizani tunapepeana na madaftari.)

Mwadila wote! Wazee wangu mliokaa mbele shikamooni. Asanteni kwa kuja jamani, najua Jumamosi mchana kila mtu ana mambo yake, kuna harusi, kuna misiba, kuna mechi, halafu kuna jua hili la kwetu ambalo halitoki juu, linatoka kwenye mawe. Mimi sio mtu wa hotuba, ni mtu wa hadithi za kurasa sita saba, kwahiyo nikipotea njia mnirudishe.

Nianze na malalamiko. Mlinitumia hadithi nizisome kabla ya leo, zilikuwa 22, nimezisoma zote, nyingine nimezisoma nimesimama kwenye daladala ya Igoma mkono mmoja juu mkono mwingine simu. Mada tuliyopeana ilikuwa mapenzi ya ndotoni na ile siku mtu anapozinduka. Sasa katika hizo 22, hadithi 19 mwanaume ni muongo. Ana mke Geita, au ana mke Kahama, au ile Prado nyeusi sio yake ni ya bosi na yeye ni dereva, au kumbe ni frimasoni. Iko moja ana mke Geita NA Prado sio yake NA ni frimasoni, huyo mwandishi naomba baadae tuonane nimnunulie soda maana ana bidii kweli. Dada analia, anafunga mizigo, anarudi kwa mama, mwisho.

Sisemi wanaume waongo hawapo, wapo, wengine tumekaa nao humu humu. Ila hadithi ya kutapeliwa ni hadithi ya kutapeliwa tu, haina tofauti na mtu aliyepata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" na kweli akatuma. Tunampa pole, tunamcheka kidogo akishaondoka, tunaendelea na maisha. Ndoto ya mapenzi ni kitu kingine kabisa. Ndoto haina tapeli, ina fundi, na fundi ni yule yule anayeota, yeye ndo anabeba tofali, yeye ndo anachanganya zege, usiku, peke yake, na yule anayependwa wala hana habari kama kuna nyumba inajengwa kwa jina lake. Ukimfanya mpendwa awe tapeli umemwibia fundi kazi yake. Msomaji anabaki hajui kitu chochote kuhusu yule dada zaidi ya kwamba ana bahati mbaya.

Ngoja niende mbali kidogo halafu nitarudi hapa hapa kwetu Mwanza.

Kuna Mrusi anaitwa Anton Chekhov, alikuwa daktari, mwaka 1887 aliandika hadithi ambayo kwa Kiswahili tungeiita tu Busu. Kuna afisa wa jeshi anaitwa Ryabovich, kikosi cha mizinga, mfupi, kainama mabega, miwani, sharubu kama za paka pori, yaani mtu ambaye akiingia sehemu hakuna anayegeuka. Wamelala kwenye kijiji fulani, bwana mkubwa wa pale anawakaribisha maafisa wote chai. Wenzake wanacheza dansi, yeye anazubaa, anazunguka kwenye lile jumba anapotea, anaingia chumba chenye giza, ghafla anakuja mwanamke anamkumbatia anambusu, halafu anashtuka anakimbia. Kakosea mtu! Alikuwa anamsubiri mwingine. Hapo sasa ndo hadithi inaanza. Ryabovich anarudi mezani anawatazama wanawake wote anajiuliza ni nani, na kwa kuwa hajui, anamtunga. Anachukua mabega na mikono ya huyu, anaongeza paji la uso la yule, macho ya yule mwingine, anaunganisha. Mnaona lakini? Huyo ni fundi, mnamwona kabisa na mwiko mkononi.

Halafu kuna sehemu mimi kila nikiisoma naweka kitabu chini. Siku zinapita, wako njiani na mizinga yao, jioni moja anaamua kuwasimulia wenzake. Anaanza, anaeleza, na baada ya dakika moja hadithi imeisha. Dakika moja! Yeye mwenyewe anashangaa, alidhani angeweza kulisimulia lile busu mpaka asubuhi. Hakuna aliyemcheka sana, hakuna aliyemsaliti, hakuna mke Geita, ni saa tu ndo imemuumbua. Mwisho wanarudi kile kijiji, anashuka mtoni usiku, anayaangalia maji yanavyopita, anajiona mjinga, na mwaliko wa kwa yule bwana mkubwa unapokuja tena, haendi, anapanda kitandani.

Sasa turudi nyumbani. Hapa tulipo ni Makoroboi, na mnajua mtaa umepata jina kwa zile koroboi, taa za makopo walizokuwa wanafua mafundi wa hapa. Usiku wa giza, wakati mwezi haupo, panda kilima chochote hapa mjini uangalie ziwani. Utaona mji. Yaani mji kabisa juu ya maji, taa zimepangana mstari, zinacheza cheza. Nikiwa mtoto nilikuwa naamini kule kuna watu wanaishi na kuna muziki, nilimuuliza bibi nauli ya kwenda kule ni shilingi ngapi. Ni wavuvi wa dagaa hao. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola, wanawasha dagaa wafuate mwanga, mwezi ukiwa mpevu wanapumzika maana mwanga wa mwezi unaharibu kazi, dagaa hawakusanyiki. Nilipokuja kwenda nao mara moja, nikiwa na miaka 17, nilikuta watu watano wamelowa, wanatetemeka, mmoja anatapika, mmoja anamtukana anayetapika, na mbu wale wa ziwani wamejaa kwenye taa mpaka ukipumua unakula. Ila sikilizeni, hiki ndo kitu ambacho hamkiandiki: taa hazikunidanganya. Hakuna mvuvi aliyewahi kuniambia "njoo huku kuna muziki". Na nilipokuwa kule majini nikageuka kuangalia Mwanza, nikaona taa za mlimani zimepangana mstari, zinacheza cheza, nikatamani kwenda kule.

Haya. Muingereza wa Ayalandi... samahani, wenyewe wakisikia hivyo wanapigana. Muayalandi, James Joyce, kitabu chake cha hadithi za watu wa Dublin kilitoka 1914. Humo kuna hadithi inaitwa Araby. Kijana mdogo, hata jina hajapewa, anampenda dada wa rafiki yake, na huyo dada nae hana jina, anaitwa tu dada wa Mangan. Siku moja dada anamuuliza kama ataenda kwenye ile bazaa inayoitwa Araby, yeye dada hawezi kwenda. Kijana anasema nikienda ntakuletea kitu. Basi! Kwisha habari yake. Hasomi tena darasani, hasikii anachoambiwa, neno Araby linamlia kichwani. Siku yenyewe mjomba anachelewa kurudi na hela, anarudi saa tatu usiku, dogo anapanda treni anafika bazaa inafungwa, vibanda vingi giza. Kwenye kimoja kuna binti muuzaji anapiga soga na vijana wawili, wana lafudhi ya Uingereza, wanabishana vitu vya kijinga tu, ulisema sikusema. Binti anamuuliza kwa kutimiza wajibu, unataka kununua kitu? Dogo anasema hapana. Taa zinazimwa.

Naomba mliangalie hilo. Dada wa Mangan hakufanya kosa lolote, hata hayupo kwenye ukurasa wa mwisho. Kilichoibomoa ile nyumba yote ni soga za muuza duka. Na mwandishi ametuambia hadi hela aliyokuwa nayo mfukoni na kiingilio alicholipa mlangoni. Kwenye hadithi zenu 22 nimeona mioyo ikipasuka, ikichanika, ikiungua, sijaona mtu hata mmoja akihesabu nauli. Mtu anayempenda binti wa Nansio akiwa Buzuruga ana nauli ya boti kichwani kila siku asubuhi! Kuna wiki anampenda zaidi na kuna wiki anampenda kidogo kulingana na mfuko, huo ndo ukweli wenyewe na ni mtamu kuliko mioyo inayochanika.

Ngoja nijitoe sadaka, maana nimewasema sana.

2009 nilikuwa karani wa mizani Mwaloni Kirumba, lile soko la samaki la hapa mjini, naandika kilo za magunia ya dagaa. Siku moja nikamtumia mteja meseji, "Magunia 12 yameshapakiwa", nikakosea tarakimu moja. Ikajibiwa, "Magunia ya nini tena kaka angu?" Mtu wa Bukoba, mwanamke. Nikaomba radhi, akasema usijali, nikamuuliza huko mvua vipi, mwisho wa siku tukawa tunachat miezi mitano. Vocha nilizokwangua mwaka ule ningeweza kununua baiskeli. Ikifika usiku wa manane bei inashuka ndo tunapigiana, nakaa nje kwenye jiwe nyuma ya nyumba ili nisiwaamshe watu. Sauti yake, jamani, ile lafudhi ya Kihaya inayopanda kidogo mwishoni kama inauliza hata kama haiulizi.

Siku moja aliandika, "nipo dirishani". Maneno mawili tu. Mimi kwenye hilo dirisha nilijenga nyumba nzima. Nikaweka baraza, nikaweka mibuni na migomba kwa nje, nikamkalisha na khanga begani anaangalia njia, njia ambayo siku moja ntakuja nayo mimi. Sikuwahi kumuuliza dirisha lina nini. Pengine lilikuwa la jikoni anaangalia mbuzi.

Na yeye kumbe alikuwa anajenga. Mimi kila akiuliza uko wapi najibu niko ofisini, na sikudanganya, sisi wote pale mwaloni tulikuwa tunapaita ofisini. Ofisi yenyewe ni meza ya mbao chini ya turubai, mizani, daftari, na paka. Yeye huko Bukoba akaweka feni, akaweka kiti kinachozunguka.

Mwezi wa 11 akasema anakuja kumtembelea shangazi yake Nyakato, anapanda meli. Enzi hizo ni MV Victoria, inatoka Bukoba usiku asubuhi iko Mwanza. Nilijiandaa kama naenda kuapishwa. Harufu ya dagaa haitoki kwa sabuni peke yake, nikajisugua ndimu mpaka mikunjo ya vidole ikawasha. Viatu nikaazima kwa binamu, yeye anavaa namba 43 mimi 41, nikajaza magazeti kwa mbele. Saa kumi na mbili nipo bandarini. Meli inakuja taratibu mno, halafu inafunga, halafu zinaanza kushuka ndizi, mikungu na mikungu, wapagazi wanapiga kelele pisha pisha, na mimi napishana na ndizi nikiangalia kila mwanamke anayeshuka, na kila mmoja nilikuwa tayari awe yeye. Nikapiga simu. Hatua kumi mbele yangu mdada mmoja kavaa kitenge cha njano, ana begi na kopo la plastiki, akashika simu akasema haloo, nikamsikia masikio yote mawili, hili la simu na hili la wazi, na zile sauti mbili hazikufanana.

Akageuka. Akaniangalia juu, akashuka chini mpaka kwenye viatu, akarudi juu. Akasema, "Nilidhani wewe mrefu."

Hakusema kwa ubaya! Alisema kama mtu anayesema nilidhani leo Ijumaa. Mimi nikaanza "Na mimi nilidhani..." nikakwama, maana ningesema nini, nilidhani una dirisha? Alikuwa mdada wa kawaida, mzuri tu, ana usingizi wa meli, kope zimevimba kidogo. Tukaenda kunywa chai na chapati pale nje. Akawa anaongelea bei ya mikungu kule na huku, anapiga hesabu kama inalipa kuleta yeye mwenyewe, na alikuwa anapiga vizuri, kuliko mimi. Akaniuliza ofisi yako iko upande gani. Nikanyoosha mkono upande wa Kirumba, na upepo wa asubuhi ukatoka upande ule ule ukanijibia. Tukacheka. Halafu tukanyamaza muda mrefu. Nikampandisha daladala ya Nyakato, akanipa lile kopo, akasema ni senene, wale panzi wa kuliwa, kakaanga mama. Ndo basi.

Sasa nikiandika hiyo kama wale 19, inabidi nimtafutie mume Muleba. Ningemfanya awe kahaba, tapeli, jini, chochote, ili mimi nibaki msafi na ndimu zangu. Wakati kilichotokea ni wajenzi wawili wamekutana, kila mmoja na ramani yake mkononi, na kila mmoja anaangalia kiwanja kitupu.

Sijasema ndoto ni ujinga. Nawaona wengine mnatabasamu tabasamu, msiwacheke wahusika wenu, mwandishi akimcheka anayeota hadithi inakufa hapo hapo. Muulize kwanza anaota akiwa wapi. Kwenye kitabu hicho hicho cha Joyce kuna Eveline, ana miaka 19, anafanya kazi dukani, mshahara wote anampa baba na kumwomba tena hela ya chakula mpaka ugomvi. Anatokea baharia, Frank, anataka kumuoa ampeleke Buenos Aires. Je anampenda Frank? Soma vizuri, utaona anachopenda zaidi ni kuondoka kwenye ile nyumba yenye vumbi. Anafika mpaka gatini, meli inapiga honi, Frank anamvuta, yeye anashikilia chuma cha uzio haendi, na macho yake hayaoneshi chochote, wala upendo wala kwaheri. Hatujui hata kama Frank alikuwa mkweli, mwandishi hakutaka tujue, angekuwa mmoja wenu angetupa mke wa Frank aya ya tatu.

Na hapa hapa ziwani kwetu, Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, Rosa Mistika yake ya 1971. Najua ni riwaya sio hadithi fupi, msinikate. Rosa amefungiwa na baba mkali hadi barua ya kijana ni kesi ya kipigo. Kwa mtu aliyefungiwa hivyo, nje yote inang'aa, sio mwanaume mmoja. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, watu waliogopa yale mambo ya wanaume na mimba, mimi nilivyokisoma niliyemuogopa ni yule baba na fimbo yake ukurasa wa mwanzoni.

Kwahiyo mkirudi nyumbani, zile hadithi zenu sitaki mzitupe. Nendeni kwenye ile Prado. Acheni Prado iwe yake, asiwe na mke popote, awe mtu mwema kabisa anayemlipia mama yake dawa. Halafu muone kama yule dada bado atazinduka na ni kitu gani kitamzindua. Kama hamna kitu, basi hakuwa anaota, alikuwa anatafuta mume, na hiyo nayo ni hadithi ila sio hii. Na muda wa kuota pia muuandike, jamani, maana unapungua. Zamani ukienda Sengerema unasubiri pantoni pale Kigongo, foleni, jua, karanga, unaangalia maji, kijana alikuwa na saa zima la kumpenda mtu. Toka Juni 2025 kuna daraja, kilometa 3, dakika chache uko Busisi. Sisemi daraja baya! Wagonjwa wanapita, samaki hawaozi. Nasema tu mhusika wako siku hizi anaotea wapi, kwenye bodaboda?

(Hapo ndo nilikuwa nimemaliza, yakaja maswali. Mengi yalikuwa ya jinsi ya kutoa kitabu na gharama za kuchapa, hayo sijayaandika. Ila mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa, kavaa sare ya kikundi fulani nadhani aliingia kukwepa jua tu, akanyoosha mkono akauliza: "Na wale senene mwanangu?")

Eeh mama, shikamoo. Mimi Msukuma, senene nilikuwa sijawahi kula, nilikuwa nawaona tu kwenye sinia za watu. Kopo nikaliweka juu ya kabati, lilikaa siku tatu. Ya nne nimerudi kutoka mwaloni usiku, hakuna mboga, hakuna hela, sikuvua hata viatu, nikafungua. Mara ya kwanza nilikula mmoja nimefumba macho. Nilimaliza kopo zima nimesimama pale pale kwenye kabati. Nikamwandikia meseji, ya kwanza toka bandarini, "senene wameisha". Haikujibiwa usiku ule. Kesho yake mchana nipo kwenye mizani simu ikaita mfukoni, nikafuta mikono nikasoma.

"Hilo kopo la mama, usilitupe."